Aina Tupu na Ahadi ya Kisichowezekana: Uhakiki wa Dai Moja la Programu za Kifunksheni

Watetezi wa programu za kifunksheni hudai kwamba aina tupu, yaani aina ya data isiyo na thamani hata moja, humwezesha mwandishi kuthibitisha kuwa hali fulani haiwezi kutokea. Makala hii inalihakiki dai hilo kwa kurejelea lugha za Haskell, Rust na Agda.

Msingi wa dai ni thabiti. Katika Haskell, thamani ya aina ya Either hubeba ama kosa ama jibu. Aina ya kosa ikiwa Void, upande huo hauna cha kuujaza. Hubaki jibu peke yake. Funksheni iitwayo absurd hupokea Void na kuahidi thamani ya aina yoyote itakiwayo. Ahadi hiyo si ya uongo, kwa kuwa hakuna thamani ya kuipa funksheni hiyo ili idaiwe. Rust nayo, tangu toleo la 1.82 la mwaka 2024, humruhusu mwandishi katika mazingira mengi kutoliandika kabisa tawi la hali isiyowezekana.

Hata hivyo, utupu wa Haskell una upenyo. Hesabu isiyokoma hukubalika kuwa ya aina yoyote, Void ikiwemo. Kompaila huipitisha, na lililodaiwa kuwa muhali huja kujitokeza programu inapoendeshwa. Agda huziba upenyo huo kwa kukagua kwamba kila funksheni inakoma na inashughulikia hali zote. Gharama yake ni kwamba baadhi ya programu sahihi hukataliwa hadi mwandishi aongeze uthibitisho. Hivyo basi, aina tupu katika Agda ni ithibati. Katika Haskell ni mapatano yanayotegemea uangalifu wa waandishi. Kuyasifu yote mawili kwa kauli moja ni kumpa msomaji usalama asiokuwa nao.

Suala hili linagusa pia istilahi. Neno void la lugha ya C likitafsiriwa "tupu", mkanganyiko huzaliwa. Funksheni ya namna hiyo humrudia aliyeiita, ila haileti habari. Funksheni ya aina tupu haiwezi kurudi kamwe. Aliyerudi mikono mitupu si sawa na asiyerudi. Inafaa "aina tupu" ibaki kwa huyu wa pili, na wa kwanza aitwe "aina ya thamani moja".