Gitaa la Mwenda Jean Bosco na Sikio la Pwani

Kosa letu sisi wapenzi wa ushairi ni kudhani kwamba Kiswahili huishia pale inapoishia chumvi ya bahari. Nami nilikuwamo katika kosa hilo. Nilipozisikia mara ya kwanza nyimbo za awali za Mwenda Jean Bosco, nilisifu gitaa, nikayabeua maneno.

Bosco alizaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi Jadotville, mji ambao leo huitwa Likasi, akiwa peke yake na gitaa kavu. Alipiga kwa vidole viwili: gumba likishika sauti ya chini, cha shahada kikichezesha ya juu, hata msikilizaji akaapa kwamba wapigaji ni wawili. “Masanga”, iliyompa jina, ni gitaa tupu kama ilivyotoka mwaka ule. Tangu hapo wachambuzi walivitazama vidole. David Rycroft alichapisha uchambuzi mrefu wa gitaa hilo mwaka 1961 na 1962. Mwimbaji akabaki kivulini.

Miaka kadhaa iliyopita nilizisikia tena nyimbo hizo Uchindile, stesheni ya reli ya TAZARA upande wa Kilombero. Treni ya kwenda Zambia ilichelewa, na abiria mmoja akafungulia kanda. Mzee mmoja wa pale alicheka kila penye mzaha wa maneno. Nikamwambia, “Mzee wangu, Kiswahili hiki kimevunjika.” Akanijibu, “Mimi nimemwelewa, mwanangu. Wewe hukumwelewa?”

Niliporudi nyumbani nilifanya ambalo ningelifanyia shairi lolote: nilihesabu. Watu wa Katanga husema mutu na mutoto, pale tusemapo mtu na mtoto. Lakini katika ushairi wetu ile m ya mtu ni silabi kamili. Mtu ni mizani mbili, mutu ni mbili. Mtoto tatu, mutoto tatu. Lililolalamika ni sikio langu, mizani haikulalamika. Wala batoto si watoto walioharibika: kiambishi hicho kimetoka katika lugha jirani za Kibantu, kama Kiarabu kilivyotupa sisi maneno mengi tunayojivunia.

Zaidi ya hayo, Bosco hazifungi beti kwa vina. Mstari hukatika pale pumzi inapokatika, kisha gitaa hurejea na mkato wake uleule, na sikio likapata pa kutua. Kazi ambayo kina hutufanyia sisi, kwake hufanywa na gumba. Ndiyo maana maneno yake yakiandikwa karatasini huonekana maskini: umeyaondoa vina ukabakisha mishororo.

Simsifu kwa kila kitu. Sauti yake haina upana wa gitaa lake, na pengine vidole hukimbilia mapambo kabla neno halijatulia. Lakini hizo ni kasoro za kuhukumiwa kwa haki, kama tunavyomhukumu malenga yeyote wa Mvita au Unguja.

Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Mwaka 1990 alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia. Ulimwengu ulimpokea kama mpiga gitaa, na haukukosea. Sisi tuna deni jingine kwake, kwa kuwa sisi tulielewa alichokuwa akiimba.