Kuisaka Roku isiyo na rimoti

Roku ni kijiti kinachochomekwa nyuma ya televisheni kikaleta YouTube au Netflix kupitia wifi. Ninayoizungumzia iko Nguba, upande wa Bukavu unaotazamana na Rwanda, nyumbani kwa shemeji yangu. Ilitoka Marekani ndani ya sanduku la ndugu aliyekuja likizo. Rimoti yake ilipotea. Baadaye shemeji akabadilisha kampuni ya intaneti, na modemu mpya ikaja na jina lake la wifi na neno lake la siri. Kila jambo peke yake lisingesumbua. Yalipokutana, Roku ikawa haiwezi kupewa neno jipya la siri bila rimoti, na simu haiwezi kufanywa rimoti mpaka yenyewe na Roku ziwe kwenye wifi moja.

Simu zenye infraredi, kama Xiaomi nyingi, huwasha televisheni za kawaida, lakini hapa hazikufaa kitu: rimoti ya kijiti hiki huongea kwa redio. Fundi mmoja alishauri kinunuliwe kingine. Aliharakisha.

Roku haijui umehama kampuni. Inachokumbuka ni jina la wifi, neno la siri na aina ya ulinzi, basi. Kwa hiyo simu ya kwanza iliwashwa hotspoti, ikapewa jina lile lile la wifi ya zamani na neno lile lile la siri, herufi kubwa kwa herufi kubwa, nukta kwa nukta, pamoja na ulinzi wa WPA2. Bendi ikawekwa gigahezi 2.4, kwa sababu vijiti vingi vya bei nafuu havisikii ile ya 5. Roku ikachomolewa umeme, ikachomekwa tena, na baada ya kuwaka ikajiunga yenyewe bila kumuuliza mtu.

Ikabaki kujua imepewa anwani gani, yaani namba yake ndani ya wifi, ili simu nyingine iweze kuiita. Hapa ndipo wengi hupotea, maana wanakwenda kuitafuta kwenye kijiti. Kwenye Roku anwani imeandikwa, ndiyo, katika mipangilio ya mtandao, lakini ukurasa huo haufikiki bila rimoti. Aulizwe anayegawa. Katika kila wifi ya nyumbani kuna mgawaji mmoja, ruta au simu iliyowasha hotspoti, anayetumia utaratibu wa DHCP uliowekwa mwaka 1993: kifaa kinaingia, kinaomba, kinakopeshwa namba kwa muda, na mgawaji anabaki na orodha. Simu nyingi za Android zinaionyesha kwenye ukurasa wa hotspoti. iPhone haionyeshi, lakini hugawa namba chache tu zinazoanza na 172.20.10, kwa hiyo hata kuzijaribu moja moja si kazi kubwa.

Orodha ya shemeji ilikuwa na vifaa zaidi ya kimoja, maana watoto walishaiona hotspoti na neno la siri wanalijua tangu zamani. Majina hayakusaidia. Kilichosaidia ni anwani ya MAC, ile namba ya herufi na tarakimu 12 ambayo kadi ya mtandao hutoka nayo kiwandani. Tarakimu sita za mwanzo humtambulisha mtengenezaji, kwa sababu taasisi ya IEEE ndiyo inayoziuza kwa makampuni. Lakini simu za kisasa huvaa MAC ya uongo kwa ajili ya faragha. Android tangu toleo la 10, iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020. Uongo huo una alama: herufi ya pili ya MAC huwa 2, 6, A au E. Ukishaijua, unafuta simu zote kwenye orodha kwa jicho tu. Kilichobaki chenye MAC ya kweli, ya Roku, Inc., ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Kwangu hiki ndicho kipande bora cha kazi nzima, na hakihitaji programu yoyote ya kupakua.

Uthibitisho ni rahisi. Simu ya pili iliingia kwenye hotspoti hiyo, na kwenye kivinjari ikaandikwa anwani iliyopatikana ikifuatwa na nukta mbili na 8060. Roku husikiliza kwenye porti hiyo. Ikijibu, hutoa maandishi marefu yanayotaja jina na modeli yake. Televisheni ya kawaida au printa ya jirani haiwezi kujibu hivyo. Kisha programu ya rimoti ya Roku ikafunguliwa kwenye simu hiyo ya pili. Kwa kawaida programu hii huitafuta Roku kwa kupiga kelele kwa wote walio kwenye wifi, na hotspoti nyingine huzizuia kelele hizo. Ndiyo maana ina sehemu ya kuandika anwani kwa mkono. Ikaandikwa. Mishale ikaanza kusogea kwenye tele.

Usishangae linalofuata. Mara tu Roku inapopewa neno la siri la modemu mpya, inakata mawasiliano na hotspoti, na rimoti ya simu inakufa papo hapo. Simu nayo ihamie modemu mpya, na anwani itafutwe upya, kwa sababu mgawaji ni mwingine. Safari hii ni ukurasa wa modemu kwenye kivinjari, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1, anwani yenyewe na neno la kuingilia vimebandikwa chini ya modemu. Wenye Starlink, iliyopewa leseni Kongo mwaka 2025, wataangalia orodha ndani ya programu yake ya simu.

Sasa jambo la Bukavu. Anwani niliyoiandika jioni inaweza isiwe ya Roku asubuhi, na sababu ni delestaji, yaani mgao wa umeme. Mji uko pale unapoanzia Ruzizi, mto wenye mabwawa mawili ya umeme, la kwanza la mwishoni mwa miaka ya 1950 na la pili la mwaka 1989, na bado taa zinazimika. Modemu nyingi ndogo hazihifadhi orodha ya DHCP mahali pa kudumu: umeme ukikatika, zinasahau zilimkopesha nani. Simu zina betri, kwa hiyo umeme ukirudi ndizo zinazowahi kuomba, huku Roku ikiwa bado inawaka polepole. Inakuta namba yake imechukuliwa na simu ya mgeni.

Mtego mwingine ni mega za intaneti kuisha. Simu ya Android ikigundua kwamba wifi haina intaneti, huhamia kimyakimya kwenye laini, nawe unadhani Roku imepotea. Zima data ya laini, uiambie simu ibaki kwenye wifi. Anwani za ndani hazihitaji mega hata moja; filamu iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya nyumbani inaweza kwenda kwenye tele bila kugusa kifurushi, na hiyo ndiyo sababu ya maana kuliko zote ya kuijua anwani ya kifaa chako.

Dawa ya delestaji ipo kwenye ukurasa ule ule wa modemu: funga MAC ya Roku kwenye namba moja, chagua namba ya mbali kama 192.168.8.200 ambayo simu hazifikii mapema, kisha uiandike kwa kalamu kwenye karatasi ubandike nyuma ya tele. Shemeji ameshabandika yake.

Na kama kifaa chako si Roku bali kisanduku cha Android, angalia kwamba sehemu ya wasanidi programu imezimwa. Februari 2018 kirusi cha ADB.Miner kiliingia kwenye visanduku vilivyoachwa na porti 5555 wazi, kikavitumia kuchimba sarafu za kidijitali. Anwani ya ndani iwe ya watu wa ndani: usifungue porti yoyote ya kifaa hiki kuelekea nje, hata mtu akikuambia ndiyo njia ya kupata chaneli za bure.