Kifaa kipo, ujumbe ndio unaodanganya

KUNA sentensi fupi ya kompyuta inayowatia watu hasara: "No such device". Wafasiri wetu huigeuza "Hakuna kifaa kama hicho", basi wameridhika. Kisarufi haina dosari. Kimaana ni uongo.

Chukua kisa cha Mkwiro, Kisiwani Wasini. Mpwa wangu, mwalimu huko, amehifadhi sauti za wazee wakizungumza Kichifundi katika diski iliyo kwenye kompyuta nyingine, anayoifikia kupitia mtandao. Siku moja kompyuta yake ya Linux ikasasishwa. Alipojaribu kuipachika ile diski, akajibiwa: hitilafu namba 19, hakuna kifaa. Fundi mmoja akamwambia diski imekufa, anunue nyingine. Akanipigia simu: "Mjomba, sauti za wazee ndo zishapotea?"

Hazikupotea. Kilichokosekana ni moduli, kijiprogramu kinachoingizwa katika kiini cha mfumo ili kiini kielewe lugha ya diski ya mtandaoni. Kwa diski kama yake huitwa cifs. Baada ya kusasisha, kiini kinachofanya kazi huweza kuwa bado kile cha zamani ilhali moduli zilizobaki ni za kiini kipya, haviingiliani. Mara nyingi kuzima na kuwasha upya kunatosha, na kwake kulitosha. Penginepo, kama katika baadhi ya matoleo ya Ubuntu, moduli hiyo imo katika kifurushi cha ziada ambacho sharti kisakinishwe. Yaani mgeni yuko mlangoni anabisha hodi, mkalimani hayupo, na mwenye nyumba anatangaza kwamba nje hakuna mtu!

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wa istilahi. "Hakuna" hukanusha kuwapo kwa kitu. "Hakitambuliki" hukanusha ujuzi wa anayekitazama. Tofauti hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaijua. Nitaambiwa mfasiri hana budi kufuata asili. Asili ipi? Katika mifumo ya jamii ya BSD, namba 19 hiyo hiyo husema kwamba kifaa hakikubali kitendo hicho. Na mwongozo wa Linux wenyewe, unapoeleza upachikaji, unafafanua kuwa namba 19 ni aina ya mfumo wa faili isiyosanidiwa katika kiini. Mfasiri aliyeusoma asingeandika "hakuna". Na kwa kuwa sentensi hiyo hutumika pia kwa makosa mengine, "Kifaa hakitambuliki" ingefaa kote, bila kumfukuza mtu dukani.

Si ujumbe huo tu. Wapo wanaoiita diski "kiendeshi" na programu inayoiendesha "kiendeshaji". Mwanafunzi atawezaje kumweleza fundi kwamba kiendeshi ni kizima ila kiendeshaji hakipo? Simu ikikwaruza kidogo tu, silabi hiyo imekwenda, na diski nzima inatupwa.