Mstari Wenye Jina Lake

Katika kazi zote za kujenga kurasa za intaneti, hakuna ninayoiheshimu kuliko kupanga jedwali na kuupa kila mstari wake jina. Ni kazi isiyosifiwa. Mteja akionyeshwa ukurasa atasifu rangi na picha, atauliza kama unafunguka upesi kwenye simu. Hatauliza mstari wa mtu mmoja, tuseme Bi. Asha, unatambulikaje. Na akiwa amepata fundi mzuri, hatakuwa na sababu ya kuuliza maisha yake yote.

Chukua ukurasa wa kawaida kabisa, wa kikundi cha kuweka na kukopa kilichoachana na daftari. Kuna jedwali la wanachama: jina, namba ya simu, mchango wa mwezi, deni lililobaki. Mwisho wa kila mstari kuna kitufe cha kurekebisha na kingine cha kufuta. Mhazini anabofya kichwa cha safu ya madeni ili wenye madeni makubwa waje juu. Anaona mwanachama mmoja ameingizwa mara mbili, anabofya kufuta. Programu inajuaje ni mstari upi?

Jibu jepesi ni kuhesabu: kimebofywa kitufe cha mstari wa nne, basi na ufutwe wa nne. Jibu hilo linafaulu siku ya majaribio, maana siku ya majaribio hakuna aliyepanga upya, hakuna aliyechuja majina, wala hakuna katibu aliyeingiza mwanachama mpya kutoka simu nyingine. Siku ya kazi, mstari wa nne kwenye skrini si wa nne tena katika orodha iliyohifadhiwa, na anayefutwa ni mtu mwingine. Ujumbe wa hitilafu hautokei, kwa kuwa programu imetii ilivyoagizwa. Abiria wa daladala akihama kiti habadiliki jina, na kondakta anayedai nauli kwa kukumbuka kiti atamdai aliyekwisha kulipa.

Jambo hili lilifikiriwa kwa kina kabla hakijakuwapo kivinjari chochote. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za majedwali tunazotumia hadi leo. Mapema kabisa katika makala hiyo alilalamika kwamba programu za wakati ule zilitegemea mpangilio wa kumbukumbu: ukibadilisha mpangilio, programu inavunjika. Alitaka mstari utambulike kwa thamani iliyomo ndani yake, yaani ufunguo wake, popote ulipowekwa. Mwaka 1979 ikaja VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston, programu ya lahajedwali iliyozifanya kompyuta ndogo zipendwe maofisini, nayo ikashika njia ya pili: kisanduku kinaitwa B7 kwa sababu kipo safu ya B, mstari wa 7. Sina ugomvi na njia hiyo. Lahajedwali ni karatasi ya hesabu, na kwenye karatasi ya hesabu mahali ni sehemu ya maana. Lakini wengi wetu tumeyajua majedwali kwanza kupitia lahajedwali, tukaingia kwenye kivinjari na mazoea ya B7, na mazoea hayo hayaondoki bila kufundishwa.

Kivinjari kilipewa uwezo wa kutambua kwa jina mapema. HTML 4.0, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Desemba 1997, iliruhusu karibu kila elementi ibebe sifa ya id, na Oktoba 1998 kikafuata kiwango cha kwanza cha DOM, njia ya programu kuzifikia elementi za ukurasa, chenye amri ambayo kila anayeandika JavaScript anaijua: getElementById. Sheria yake kuu ni fupi. Ndani ya ukurasa mmoja, id moja ni ya elementi moja. Anayeivunja sheria hiyo hapigiwi kelele na kivinjari. Zikiwapo elementi mbili zenye id ile ile, kivinjari kitatoa ya kwanza kutoka juu na kunyamaza kuhusu ya pili. Hivyo ukurasa wetu ukiwa na jedwali la michango juu na la mikopo chini, na mwanachama namba 417 akapewa id ya 417 kote kuwili, atakayerekebisha mkopo atashangaa kuona mchango ndio uliobadilika.

Fundi hodari huandika mchango-417 na mkopo-417. Kwa neno hilo moja la mbele ametatua mambo mawili, kwa sababu kiteuzi cha CSS hakikubali id inayoanza na tarakimu isipokuwa kwa alama za kuikwepesha, ingawa HTML ya leo inairuhusu. Hatumii jina la mtu kuwa id. Majina yana nafasi katikati, na nafasi hairuhusiwi. Tena katika kikundi chochote cha mjini hukosi Asha Juma wawili. Na hatumii namba ya kitambulisho cha taifa, kwa kuwa yeyote anaweza kufungua msimbo wa ukurasa na kuisoma. Anaweka namba ya uanachama kwenye sifa ya data- ya mstari, kisha anatega msikilizaji, yaani kipande cha programu kinachosubiri mbofyo, mmoja tu kwenye jedwali zima. Kitufe kikibofywa, msikilizaji anapanda kutoka kwenye kitufe hadi mstari unaokibeba, anaisoma namba yake, na kazi inaanza. Mistari mia mbili, msikilizaji mmoja. Ongeza mia nyingine kesho, hana haja ya kujua.

Kuna unyenyekevu fulani katika kushika data za watu, na hapa ndipo ninapomwona fundi wa kweli. Namba ya simu inaanza na sifuri. Ukiigeuza kuwa namba ya hesabu, sifuri inapotea, na mtu hapatikani tena. Namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, ina tarakimu 20, wakati JavaScript inaweza kushika namba kamili bila kukosea hadi 9,007,199,254,740,991 tu, ambayo ni tarakimu 16. Ipitishe namba ya NIDA kwenye hesabu, na tarakimu zake za mwisho zitakadiriwa. Watu wawili wanaotofautiana tarakimu mbili za mwisho wanaweza kutokea wakiwa mtu mmoja. Hizo zinaitwa namba, lakini hakuna anayezijumlisha. Zitunzwe kama maandishi. Fedha, kwa upande wake, ni ya kujumlishwa, na huko kuna mtego mwingine: parseInt ikipewa 1,250,000 husoma 1, hukuta mkato, huishia hapo. Shilingi milioni moja na robo imekuwa shilingi moja. Nayo amri ya kupanga, isipoelekezwa, hupanga kwa herufi, hivyo 100000 hutangulia 20000, na madeni makubwa yakitakiwa juu, mwenye deni kubwa kuliko wote anajikuta chini ya wenye madeni madogo.

Majina yetu nayo yana madai yake. Mtu anayeitwa Ng'wandu ana alama ya ritifaa ndani ya jina. Mwanaprogramu anayeunga mistari ya jedwali kwa kubandika vipande vya maandishi ndani ya HTML, akazungushia sifa zake ritifaa, atakuta jina limekatwa baada ya Ng na kitufe kimekufa. Wanachama wote wengine wako sawa. Wa Ng' tu ndio hawafutiki wala hawarekebishiki, na hakuna anayejua kwa nini. Tena mlango huo huo uliomkwamisha Ng'wandu ndio mwizi anaopitia kuingiza msimbo wake kwenye ukurasa wa wengine. Dawa yake ni ndogo: tengeneza kisanduku kwa amri, kisha weka jina kupitia textContent, ambayo huyachukua maandishi kama maandishi yalivyo. Nimeona watu wakijisifu kwa programu kubwa ambazo jina la Ng'wandu linaziangusha. Ningemwajiri kwanza yule ambaye programu yake ndogo inamwandika Ng'wandu kwa ukamilifu.

Jedwali katika kivinjari lina tabia zake, na kuzijua ni raha ya kazi. Orodha ya mistari iitwayo rows ni hai. Ukifuta mstari wa kwanza, wa pili unapanda kushika nafasi yake papo hapo, na kitanzi kinachosonga mbele kinauruka. Ndiyo maana wazoefu hufuta wakianzia mwisho. Ukiandika mistari moja kwa moja chini ya jedwali, kivinjari huizungushia tbody ambayo hukuiandika, na anayetafuta mistari kama watoto wa moja kwa moja wa jedwali hapati kitu. Na ninayoipenda kuliko zote: ukichukua mstari uliopo tayari na kuuongeza tena mwishoni, haitoki nakala. Mstari wenyewe unahama, na id yake, na data zake, na kile mtu alichokuwa amekiandika nusu ndani ya kisanduku. Kupanga jedwali upya ni kuihamisha mistari ile ile, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na vyote vilivyo vyake.

Lakini kuna msomaji ambaye kwake jedwali lenye majina ni tofauti kati ya kusoma na kutosoma. Mwaka 2006 Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, alianza kutengeneza NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti, na James Teh, naye asiyeona, akaungana naye. NVDA ni ya bure, na sauti ya eSpeak NG inayokuja nayo inasoma Kiswahili pia. Asiyeona hulitembea jedwali kisanduku kwa kisanduku, kwa Ctrl, Alt na mishale. Jedwali likiwa limeundwa kwa visanduku visivyo na vichwa, anasikia 20,000, kisha 15,000, kisha 0, na hajui ni za nani wala za nini. Vichwa vikiandikwa kwa th yenye scope, anaposonga kwenye safu nyingine anasomewa kichwa chake pamoja na kiasi, na anaposhuka mstari anasomewa jina la mwanachama. Na jedwali likiwa gumu, lenye vichwa juu ya vichwa, HTML 4.0 iliacha njia: kila kichwa kipewe id, na kila kisanduku kitaje katika sifa ya headers id za vichwa vinavyokihusu. Hapo vitambulisho na jedwali vinakutana kwa kazi iliyo bora kuliko zote, ya kumwambia mtu mchango na deni lake bila kumhitaji wa kumsomea.

Maktaba za kisasa hazijaiondoa kazi hii. React inadai kila kitu kwenye orodha kiwe na key, na maelekezo yake rasmi yanaonya dhidi ya kutumia namba ya nafasi kuwa key pale orodha inapoweza kupangwa upya. Ni hoja ile ile ya Codd, miongo kadhaa baadaye, na mwanafunzi asiyeijua ataandika namba ya nafasi ili onyo litoweke kwenye skrini.

Kwa hiyo ombi langu liwaendee wanaofundisha vijana wetu programu, vyuoni na katika madarasa ya jioni. Kabla ya maktaba yoyote, mpeni mwanafunzi jedwali la wanachama ishirini, wakiwamo Asha Juma wawili na Ng'wandu mmoja. Mwacheni alipange kwa deni, alichuje, afute mstari wa katikati, kisha alisikilize kwa NVDA akiwa amefumba macho. Msimpitishe kwenye somo linalofuata mpaka aliyefutwa awe yule aliyekusudiwa.