Nick Cotton na Sikio la Kufa

Ukurasa huu umezoea kujadili riwaya na tenzi, na najua wapo watakaoniuliza: tangu lini mchezo wa televisheni wa saa moja na nusu usiku ukawa fasihi? Jibu langu ni fupi. Wengi wetu tuliofika Uingereza na Kiingereza cha darasani tulijifunza Kiingereza cha mitaani kwa EastEnders. Mama zetu, ambao hata hicho cha darasani hawakuwa nacho, waliifuata hadithi ile kwa macho tu na wasikosee kitu. Walijua nani kamdanganya nani, na nani mimba yake si ya mumewe. Majina ya Kizungu yaliwashinda, wakawapa wahusika majina yao wenyewe. Kwetu sisi Nick Cotton aliitwa "yule mtoto wa Bi Dot", na hakuhitaji jina jingine.

Basi leo ninataka kumzungumza huyo mtoto wa Bi Dot, kwa sababu nadhani tulimtazama kwa miaka 30 bila kumwona. Kosa si letu peke yetu. Waandishi wake nao hawakutaka tumwone.

Kwa asiyeujua mchezo huu: EastEnders ulianza kurushwa na BBC One tarehe 19 Februari 1985, na mwaka 2025 ulitimiza miaka 40. Kitendo cha kwanza kabisa cha mchezo ni mlango kuvunjwa kwa teke. Ndani anakutwa mzee Reg Cox kwenye kiti chake, yu taabani, na baadaye akafa. Aliyemfanyia hivyo ni kijana Nick Cotton, aliyeigizwa na John Altman. Mama yake, Dot, aliingia mchezoni miezi michache baadaye, akiigizwa na June Brown. Alikuwa mfuaji wa nguo katika dobi la mtaa, sigara haimtoki mdomoni, aya za Biblia hazimtoki ulimini. Mama na mwana hawa walikuwa wakiachana na kurudiana mpaka mwaka 2015.

Nick hakuwa mkazi wa kudumu wa Albert Square. Alikuwa mtu wa kuja na kuondoka, na kila akija alikuja na shari. Heroini ilimwingia mapema. Mwaka 1990 alirudi akidai kwamba ameokoka, kumbe alikuwa akizitaka fedha ambazo mama yake alishinda kwenye bingo, na akapanga kumtilia sumu. Mwaka 1991 alirudi tena, safari hiyo unga umemla, na mama akamfungia chumbani ili amalize arosto humo humo. Akatoroka, na usiku huo mtu akauawa. Mwaka 2001 kijana wake mwenyewe, Ashley, alikufa juu ya pikipiki ambayo Nick aliiharibu breki kwa ajili ya mtu mwingine. Miaka ya 2008 na 2009 alirudi na binti mdogo, Dotty, akiwa na njama nyingine ya kumwua mama yake apate kurithi. Magazeti ya Uingereza yalimpa lakabu ya uovu, na lakabu ile ikamganda.

Hapa ndipo penye kasoro ya kwanza. Nick ana mambo mawili ambayo mchezo haukuwahi kuyatenganisha: ni mwovu, na ni mgonjwa wa unga. Ukifuata hadithi kwa mpangilio wake utaona uovu ulitangulia. Alimdhuru Reg Cox kabla hatujamwona na sindano. Kwa hiyo mchezo wenyewe, kwa haki yake, hausemi kwamba heroini ndiyo iliyomfanya muuaji. Lakini sisi watazamaji hatukumbuki kwa mpangilio. Tunakumbuka sura: koti jeusi, macho ya kuzama, mkono unaopapasa mkoba wa mama. Miaka ikapita, na sura ya teja na sura ya muuaji zikawa sura moja. Mtazamaji akijifunza hivyo sebuleni kwake, kesho akimwona kijana amelala kwenye baraza la duka hujishika mfuko, na haulizi kama mwenzake ameamkaje.

Kasoro ya pili ni ya mlango. Nimetaja kwamba mchezo ulianza kwa mlango kuvunjwa, na hadithi ya Nick nayo yote ni ya mlango. Mama anafungua au hafungui. Mama anatia kufuli au anaitoa. Kamera daima imesimama upande wa mama. Tunamwona Dot akishika ufunguo, akilia, akiomba. Aliyeko ndani tunamsikia akipiga kelele tu. Na si kwamba mchezo huu haujui kuingia rohoni mwa mtu. Tarehe 31 Januari 2008 ulirushwa usiku mzima wa mchezo akiwa Dot peke yake, akizungumza na kinasa sauti kwa ajili ya mumewe mgonjwa, na June Brown akaubeba mzigo wote ule bila mwenzake. Ulikuwa usiku wa fahari katika historia ya televisheni ya Uingereza. Lakini Nick hakupewa hata dakika kumi za namna ile. Arosto ni nini kwa mwenye kuipata? Huanza saa chache baada ya dozi ya mwisho. Mifupa inauma, tumbo linakatika, usingizi hauji, jasho la baridi linamwagika, na siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Mwandishi aliyetaka kutufundisha kitu angetuingiza humo chumbani. Badala yake tuliachwa ukumbini pamoja na mama, tukitega sikio.

Na kisa cha kufungia mtu chumbani kilikuja mara mbili. Baada ya Dot na Nick mwaka 1991, mwaka 2010 ilikuwa zamu ya Peggy Mitchell kumfungia mwanawe Phil, aliyetekwa na kokeini ya kuvuta. Phil naye alitoka, na baa ya familia, Queen Vic, ikateketea kwa moto. Naupongeza mchezo kwa hili: haukutudanganya kwamba kufuli ni dawa. Huko kwetu wapo wazazi waliofanya hayo hayo, wengine kwa minyororo, kwa mapenzi na kwa kukata tamaa, na matokeo yake tunayajua. Lakini tazameni tofauti ya wana wawili hawa. Phil ana mali, ana karakana ya magari, ana ukoo nyuma yake. Kaanguka mara ngapi? Mwaka 2016 alipandikizwa ini baada ya pombe kulimaliza la kwake. Kila mara mchezo ulimwekea kiti mezani. Nick hakuwekewa. Maradhi ni jamaa, hukumu mbalimbali. Mwenye nyumba ni mgonjwa, asiye na nyumba ni mhalifu.

Sasa tuje kwenye mwisho. Februari 2015, wiki ya kuadhimisha miaka 30, Nick alikuwa amejificha katika nyumba ile ile ya Reg Cox. Arosto ilimshika. Mama yake, ambaye maisha yake yote aliuchukia unga, akamtafutia yeye mwenyewe. Kete ile ilikuwa mbaya. Nick akaanguka, na Dot akakataa kuita gari la wagonjwa. Alimwachia Mungu aamue. Nick akakiri kosa lake la kwanza na kufia mikononi mwa mama. Baadaye Dot alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa.

Usiku ule mama yangu mdogo alikuwa kwetu, amekuja kututembelea kutoka Unguja. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfasiria, ingawa hakuhitaji. Nick alipokata roho, mamdogo alivuta pumzi na kusema neno moja: "Afadhali." Sikumjibu. Mtoto wake, ambaye ni ndugu yangu kwa kunyonyeshwa nyumba moja na kulala mkeka mmoja, wakati ule alikuwa mwaka wa kumi na moja akibwia unga. Televisheni za nyumba mbili, bangili za mama yake, mabati ya jikoni, vyote vimepita mikononi mwake. Fedha nilizokuwa nikituma za matibabu ya mamdogo nazo zilikwenda huko huko. Kwa hiyo nililielewa lile "afadhali" kwa undani kuliko nilivyotaka.

Na nguvu ya tukio lile ni hiyo. June Brown hakuigiza mama katili wala mama shujaa. Aliigiza mama aliyechoka, na uchovu wa mama ni kitu ambacho hakijaandikwa vya kutosha katika lugha yoyote. Waama, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Huo ndio ukweli wa mchezo ule, na nauheshimu.

Lakini mhakiki haruhusiwi kuishia kwenye machozi. Niliporudia kuufikiri mwisho ule niliona umesimama juu ya methali yetu moja, japo walioandika hawaijui: sikio la kufa halisikii dawa. Hadithi nzima imepangwa hivyo tuseme, alionywa, aliombewa, alifungiwa, alisamehewa, hakusikia, basi afe. Tena afe katika nyumba aliyoanzia uovu, duara likamilike. Ni ufundi mzuri wa hadithi. Kwa maradhi yenyewe ni uongo.

Ni uongo kwa sababu dawa ipo, na Nick hakupewa hata moja. Ipo naloksoni, ambayo huzuia kazi ya heroini mwilini na kumrudishia pumzi aliyezidiwa. Hapa Uingereza tangu mwaka 2005 sheria inamruhusu mtu yeyote kumdunga mwenzake ili kuokoa maisha, na tangu Oktoba 2015, miezi minane baada ya kifo cha Nick, vituo vya huduma za dawa za kulevya vinaweza kuwapa watu waende nayo nyumbani. Simu ambayo Dot hakuipiga haikuwa simu ya kumwita mtu aje kushika tama. Ipo pia methadoni, inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu, ikaondoa arosto na kumpa mtu nafasi ya kuwa na asubuhi. Muhimbili, Dar es Salaam, wameitoa tangu mwaka 2011, na Zanzibar nayo ikafuata mwaka 2015. Albert Square, mtaa wa London, jiji ambalo methadoni si ngeni hata kidogo, wakamtibu Nick kwa kufuli na kwa sala. Kwetu tunaambiwa tuko nyuma. Katika hili, waandishi wa mchezo ndio walioachwa nyuma na hospitali za kwao na za kwetu.

Mtanijibu kwamba mchezo si hospitali, na kwamba mtu aliyepona hana hadithi. Si kweli. Ndugu yangu aliingia kwenye methadoni. Akaacha, akarudi mtaani, akaenda kwenye nyumba ya soba, akatoka, akaanguka, akarudi tena kwenye dawa. Hadithi hiyo haina duara, wala haina usiku wa kuadhimisha miaka 30. Ina foleni ya asubuhi, ina viatu vilivyochakaa kwa kutembea kwenda kunywa kikombe kimoja kidogo na kurudi. Ina mama anayehesabu vijiko bila kutaka aonekane anahesabu. Mchezo wa mfululizo, unaokuja wiki baada ya wiki kwa miaka 40, ndio umbo linalofaa kuliko yote kuisimulia hadithi kama hiyo, maana maradhi haya nayo huja na kuondoka na kurudi. Waandishi wa EastEnders walikuwa na chombo kamili mkononi. Wakakitumia kumleta Nick kila walipohitaji mtu wa kuogopwa, kisha wakamzika.

Na sisi? Nimeuliza mengi kwa waandishi wa Kizungu, niulize na kwetu. Katika majumba yetu ya London, Muscat na Toronto tunazungumza habari za vijana wetu wa unga kwa sauti ya chini na kwa mafumbo. "Yule haoni vizuri." "Yule kashikwa na watu." Mficha maradhi kilio humuumbua, na vilio tumevisikia. Washairi wetu na waandishi wetu wa tamthilia wamemwandika mama anayelia, na wamemwandika teja ili awe funzo kwa wengine. Namngoja mwandishi wa Kiswahili atakayesimama upande wa pili wa mlango, amwandike aliyeko ndani awe mtu kamili, mwenye utani wake, aibu yake na timu yake ya mpira.

Nilimuuliza mamdogo juzi kwa simu kama anakumbuka alivyosema usiku ule. Akanyamaza kidogo. "Nilikuwa nimechoka, mwanangu," akasema. Kisha akaniambia nisikae sana kwenye laini, kwa sababu ndugu yangu alikuwa amerudi na alikuwa akibisha hodi, na yeye ndiye mwenye ufunguo.

Wenye rai nyingine juu ya Nick Cotton na waniandikie kupitia kwa mhariri. Hasa ningependa kusikia kutoka kwa wale waliowahi kuwa ndani ya chumba.