Laptopu ya Gemu Iliyotoka kwa Fundi na Ugonjwa Mpya

Laptopu ikirudi kutoka kwa fundi ikiwa na ugonjwa mpya, wengi hapa Dodoma huipeleka ikapigwe Windows upya. Kazi hiyo haihitaji spea, na mara nyingine huleta nafuu ya siku mbili tatu. Ila mashine iliyokuwa inachemka tu kabla ya kufunguliwa, na sasa inazima ghafla baada ya kufungwa, ina washukiwa wachache sana: vitu vilivyoguswa. Anza na hivyo.

Mashine ninayoichambua ni ya kijana anayesoma kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma. Aliipeleka kwa fundi kwa sababu ya joto na kelele za feni. Aliporudishiwa aliambiwa, "Mdogo wangu, lilikuwa vumbi tu, nimelitoa lote." Kweli feni zilitulia. Kuandika na kutazama video hakukuwa na shida. Lakini akifungua gemu, picha zilianza kukwamakwama, na muda si mrefu mashine ikazima kama vile LUKU imeisha. Akiiwasha, inawaka vizuri.

Vumbi fundi hakulizua. Mvua za hapa hunyesha kati ya Desemba na Aprili, tena si nyingi. Miezi iliyobaki ni upepo na vumbi jekundu. Feni za laptopu ya gemu hufyonza hewa chini na kuisukuma kwenye mapezi membamba ya chuma pembeni. Vumbi likishikana na nyuzi za nguo hujenga zulia kati ya feni na mapezi, mahali ambapo kupuliza kwa nje hakufiki. Lazima ifunguliwe. Tena mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na ya pwani yenye joto lilelile. Feni ileile, kwa mwendo uleule, hubeba joto pungufu kidogo.

Kumbukumbu za Windows zilikuwa zimejaa tukio la Kernel-Power namba 41. Watu huliogopa bure: linasema tu kwamba mashine ilizima bila kuzimwa kwa utaratibu, na kuhusu sababu halina neno. Chombo cha maana zaidi ni HWiNFO, programu ya bure inayosoma sensa zote na kuziandika kwenye faili kila baada ya sekunde chache. Mashine ikizima, faili linabaki, na mistari yake ya mwisho ndiyo ushahidi.

Nilitarajia kukuta joto. Fundi akibandika pedi ya kupitisha joto iliyo nene kupita kiasi juu ya chipu za kumbukumbu, sahani ya kupoza huinuka, haiigusi prosesa sawasawa, na nyuzi hupaa hadi karibu 100 ndani ya sekunde chache. Hapo prosesa nyingi za Intel hujipunguzia kasi zenyewe. Pedi ikiwa nyembamba mno, huwa kinyume chake: prosesa inaonekana imepoa huku vipande vya kugawa umeme vikiungua pembeni bila sensa ya kusema. Lakini faili lilionyesha prosesa na kadi ya grafiki zikiwa katika nyuzi za kawaida hadi dakika ya mwisho. Kilichokuwa kinashuka ni chaji ya betri, na mashine ilikuwa imechomekwa ukutani muda wote.

Hapo ndipo tulipogeuza chaji na kusoma lebo. Chini ya laptopu pameandikwa volti 19.5 na ampea 9.23, yaani wati 180. Chaji iliyorudi nayo ilikuwa ya volti 19.5 na ampea 6.15, yaani wati 120. Kichwa kinaingia, taa inawaka, betri inajaa usiku. Gemu ikianza kudai umeme zaidi ya huo, betri hulazimika kujazia pengo. Na betri yenyewe ilikuwa imechoka: amri ya powercfg /batteryreport, ambayo Windows inayo tayari, ilionyesha kwamba ujazo wake umeshuka chini ya nusu ya ule wa kiwandani. Ikizidiwa, kila kitu kinakatika. Mezani kwa fundi chaji nyeusi hufanana kama mapacha, na kubadilishana hakuhitaji nia mbaya. Baadhi ya laptopu, za Dell kwa mfano, huitambua chaji kupitia pini ya katikati, na ikiwa ngeni hupunguza kasi na kukataa kujaza betri. Hii haikuwa na ulinzi huo.

Kwa chaji sahihi, kuzima kulikoma, na ugonjwa wa pili ukajitokeza. Mistari na miraba ya rangi ilijaa kwenye skrini kila kadi ilipofanya kazi nzito, kisha Windows ikaizima kadi na kutoa kosa namba 43. Huenda tatizo hili lilikuwepo muda wote, ila mashine ilikuwa inakatika kabla halijaonekana.

Jaribio la kwanza ni kuunganisha skrini ya nje: mistari ikionekana huko pia, kioo na waya wake hawana kosa. Angalizo dogo: katika laptopu nyingi za gemu tundu la HDMI limeunganishwa moja kwa moja na kadi kubwa, kwa hiyo jaribio hilo peke yake halitoshi. Tukaizima kadi kubwa kwenye mipangilio na kuiacha picha itoke kwenye ile ndogo iliyomo ndani ya prosesa. Mistari ikapotea kabisa. Tulipofungua, kuzunguka chipu ya grafiki kulikuwa na mabaki yanayong'aa ya dawa ya kulehemu. Kwa hiyo chipu ilikuwa imepigwa moto wa blowa, jambo ambalo halikuwa kwenye maelezo ya "vumbi tu".

Ufundi huu una historia. Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya kadi za laptopu zilizokuwa zikifa kutokana na malighafi dhaifu ya kufungia chipu. Vitone vidogo vya risasi vinavyoshikilia chipu kwenye kibao chake vilipasuka kwa kupashwa na kupoa mara kwa mara. Watu wakagundua kwamba ukiipasha bodi, hata kwenye oveni ya jikoni, ufa hugusana tena na mashine hufufuka. Hufufuka kwa wiki au miezi, kisha hufa. Kupiga moto ni njia ya kuthibitisha ugonjwa. Kutoza pesa kana kwamba ni tiba, tena bila kumwambia mwenye mali, ni udanganyifu. Tiba ya kweli ni chipu mpya na mashine maalumu ya kuipachika, na kwa laptopu ya kiwango cha kati gharama hiyo haina maana. Laptopu hii inafaa kubaki na kadi kubwa ikiwa imezimwa: itaandika ripoti za chuo miaka kadhaa.

Mbadala wake, basi. Kosa la kawaida ni kununua jina la kadi. RTX 4060 ya laptopu inaweza kuwekewa na mtengenezaji kikomo chochote kati ya wati 35 na 115, na jina kwenye stika halibadiliki. RTX 4050 iliyopewa wati nyingi ndani ya laptopu nene yenye feni mbili huweza kuishinda 4060 iliyobanwa kwenye laptopu nyembamba. Kwa vumbi na hewa ya huku, ningechagua nene bila kusita. Tofauti yao nyingine ni kumbukumbu: 4050 ina GB 6, 4060 ina GB 8, na anayehariri video ataihisi.

Za mtumba zipo tele Kariakoo, na nyingine huletwa huku kwa basi. Mimi sinunui ya kuletwa bila kuijaribu. Kagua prosesa pia: Windows 10 ilipoteza msaada wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Kompyuta ya mezani hupoa vizuri zaidi na vumbi lake hutoka kwa dakika tano, lakini bila UPS umeme ukikatika imekatika nayo, na haifai kwa mtu wa hosteli.

Kijana alichukua 4050 nene. Nawe ukienda dukani, soma lebo ya chaji na ile ya chini ya laptopu, zilingane. Omba nusu saa ya gemu nzito mashine ikiwa imechomekwa, huku asilimia ya betri ikiwa mbele ya macho yako. Ikishuka, usitoe pesa.