Gripu ya Nikon D700: Fremu Tatu za Ziada Zilitoka Wapi?

Nikon ilipotoa D700 mwaka 2008, orodha ya sifa zake ilikuwa na mstari mmoja uliowaumiza wengi vichwa. Kamera ikiwa peke yake hupiga fremu 5 kwa sekunde. Ifungie chini gripu ya MB-D10, weka humo betri inayotakiwa, na kamera ileile, kwa shata ileile na kioo kilekile, inapiga fremu 8. Ndani ya kamera hakuna skrubu iliyoguswa. D300, iliyotangulia kwa mwaka mmoja na inayotumia gripu hiyohiyo, ilikuwa na kisa kama hicho: 6 peke yake, 8 ikiwa na gripu.

Wapiga picha wa harusi wanaonunua kamera hizi zikiwa zimetumika huuliza swali moja kila mara: nichukue gripu ya Nikon yenyewe, au ile ya kampuni nyingine, kama Meike, inayouzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya Nikon? Jibu la haraka ni "inategemea", na jibu hilo halimsaidii mtu. Afadhali tuifungue gripu tuone kazi inayofanyika ndani, kwa sababu sehemu zinazobeba bei si zile ambazo wengi hudhani.

Tuanze na umeme. Betri ya kawaida ya D700 ni EN-EL3e: volti 7.4, mAh 1500. Betri iliyoleta zile fremu tatu ni EN-EL4a, ile ya D3, kamera nzito ya wapiga picha wa magazeti na michezo. Hii ina volti 11.1 na mAh 2500. Zidisha volti kwa saa-ampea: ya kwanza inabeba wati-saa 11 hivi, ya pili karibu 28. Gripu kwa hiyo haikuwa kibeba betri ya akiba tu. Ilikuwa mlango wa kuingizia umeme wa aina nyingine kwenye kamera ndogo.

Kwa nini umeme huo uongeze kasi? Kila unapobonyeza, kioo kinainuka, mapazia ya shata yanakimbia, kioo kinashuka, springi zinavutwa upya, na katikati ya hayo mfumo wa fokasi unapewa nafasi ndogo ya kuangalia mbele. Kwa fremu 5 kwa sekunde, mzunguko wote una milisekunde 200. Kwa fremu 8 umebaki na milisekunde 125. Mota inafanya kazi ileile kwa muda mfupi zaidi, hivyo inadai nguvu zaidi kwa mkupuo, na betri ndogo ikidaiwa mkondo mkubwa volti zake huzama. Zikizama, mota huzembea. Ukiwa na volti 11 una pa kuzamia.

Ndiyo maana waliofunga gripu na kuweka humo EN-EL3e ya pili hawakuona badiliko lolote la kasi. Walipata muda mrefu wa kupiga na kitufe cha kupigia kamera ikiwa imesimamishwa wima, basi. Na ndiyo maana, jambo linalochekesha kidogo, betri nane za AA zilileta kasi yote. Nane za alkalaini ni volti 12. Nane za kuchaji za NiMH, kwa volti 1.2 kila moja, ni 9.6. Betri za redio ya bibi zinaipa kamera kasi ambayo betri yake halali ya lithiamu haiipi. Kasoro ni kwamba alkalaini haipendi kudaiwa mkondo mkubwa kwa ghafla na huchoka mapema. Za NiMH hustahimili, kwa hiyo mwenye trei ya AA aziweke hizo.

Kuna jambo hapa linalowapita wengi. Kwenye menyu ya D700 lipo chaguo la kuiambia kamera ni aina gani ya AA iliyo ndani ya gripu: alkalaini, NiMH, lithiamu au nikeli-manganizi. Kila kemia inashusha volti kwa mwendo wake, na kamera inakadiria chaji iliyobaki kwa kusoma volti. Ukiweka NiMH huku menyu ikisema alkalaini, kipimo kitakudanganya, na lawama itaangukia gripu bure. Kwenye menyu hiyohiyo unachagua betri ya kuanza kutumika, ya gripu au ya ndani. Iache kwenye ya gripu, maana ya ndani imefunikwa na gripu yenyewe. Ikiisha ni lazima ufungue kila kitu katikati ya shughuli.

Na mwenye D300 aliyenunua gripu akaona kamera inajikokota fremu 2.5 kwa sekunde, asiirudishe dukani bado. Aangalie kama RAW yake imewekwa kwenye biti 14. Kamera hiyo ikiwa kwenye biti 14 hushuka hadi hapo, hata uipe betri gani.

Je, yote haya yalikuwa fizikia tupu, au biashara nayo ilitia mkono? Naamini yote mawili. Mwaka 2016 Nikon ilitoa D500, inayopiga fremu 10 kwa sekunde kwa betri moja ya EN-EL15, volti 7.0, bila gripu yoyote. Gripu yake, MB-D17, haiongezi kasi hata kidogo. Kioo cha D500 ni kidogo na chepesi kuliko cha D700, na miaka minane ya uhandisi ilikuwa imepita katikati, lakini kamera hiyo inaonyesha kuwa volti chache si ukuta usiovukika. Mwaka mmoja baadaye ikaja D850 na mchezo wa zamani ukarudi: fremu 7 peke yake, 9 kwa gripu ya MB-D18 yenye betri ya EN-EL18b. Hapo malalamiko yalikuwa na haki. Gripu yenyewe ilikuwa karibu dola 400. Kifuniko cha chumba cha betri, BL-5, kiliuzwa peke yake. Betri peke yake. Na chaja ya betri hiyo nayo ilikuwa ghali. Fremu mbili zilifika karibu dola 1,000.

Ni bei hiyo iliyowafungulia mlango watengenezaji wengine. Sasa tuone wanaiga nini.

Vitufe na magurudumu ni rahisi kuiga. Ni swichi tu. Utambulisho nao si mgumu sana. Nikon iliweka safu ya pini chini ya kamera, zimefunikwa kwa kipande cha mpira, na gripu inazungumza na kamera kupitia hapo. Ya kuigiza hujibu kama inavyojibu ya Nikon, kamera inaamini, na menyu zote zinafunguka. (Kile kipande cha mpira usikipoteze. MB-D10 ina kitundu maalumu cha kukihifadhi, na ukitaka kujua kama gripu iliyotumika ilikuwa mikononi mwa mtu makini, angalia kama bado kimo.)

Kwa upande wa kamera ndogo waigaji walikwenda mbali zaidi ya Nikon yenyewe. Kamera za D3100 na D5100 hazina pini hizo, na Nikon haikuzitengenezea gripu kabisa. Wachina wakatengeneza: betri mbili chini, na kijiwaya kinachotoka kwenye gripu kwenda tundu la vifaa ubavuni, lile la rimoti ya waya. Ukibonyeza kitufe cha gripu, kamera inadhani umebonyeza rimoti. Ni ujanja mzuri, ila ujue mipaka yake: rimoti inafokasi na kupiga, haibadilishi shata wala apacha, kwa hiyo gurudumu lililopo kwenye gripu ya aina hiyo ni pambo. Hapa hakuna mjadala wa jina. Ama uchukue ya kuigiza, ama ukae bila gripu.

Penye tofauti ya kweli ni kwenye mwili na maungio. MB-D10 ina mwili wa magniziamu na mipira ya kuzuia maji na vumbi. Nyingi za kuigiza ni plastiki. Gripu yoyote inashikwa na skrubu moja inayoingia kwenye tundu la tripodi, na hapo ndipo uzito wote unapolalia. Lenzi ya 70-200 f/2.8 ina kilo moja na nusu hivi. Mtu akiishika kamera kwa gripu tu, mkono mmoja, kila hatua anayopiga inaupinda ule muungano. Plastiki ikianza kuachia, pini zinaonja na kuacha, kamera inazima na kuwaka katikati ya mfululizo, na mwenye kamera anakwenda kwa fundi akidhani shata imekufa. Kwa Canon za aina ya 5D mambo ni tofauti kidogo: unang'oa mlango wa betri, na mhimili wa gripu unaingia ndani ya chumba cha betri, ukibeba pini zake huko. Mhimili huo ukiwa mfupi kwa nusu milimita tu, utahangaika nao siku zote.

Lakini hiyohiyo Canon inatupa sababu ya kutoogopa za kuigiza. 5D Mark II ilipiga fremu 3.9 kwa sekunde na gripu ya BG-E6 haikuongeza kitu. Mark III ilipiga 6, na BG-E11 nayo haikuongeza kitu. Mpiga picha wa ukumbini, anayefanya kitchen party na send-off chini ya paa, asiyening'iniza lenzi nzito kwenye mvua ya masika, analipia nini akinunua ya Canon? Uimara ambao huenda hatauhitaji. Kwake ningesema achukue ya kuigiza bila wasiwasi, fedha inayobaki ainunulie betri halali.

Hapo ndipo nisipotaka ubishi: bana matumizi kwenye gripu, usibane kwenye betri. Gripu ni plastiki, waya na swichi, na ikiharibika unaifungua unaendelea na kazi. Betri ya lithiamu ikiharibika inavimba ndani ya chumba na kugoma kutoka, au mabaya zaidi. LP-E6N ya Canon imeandikwa mAh 1865. Ukiona betri ya umbo lilelile, ya kampuni usiyoijua, kwa robo ya bei, imeandikwa karibu mara moja na nusu ya hiyo, jiulize huo umeme umehifadhiwa wapi. Kuna pia suala la kutambuliwa. Mwishoni mwa 2013 Nikon ilitoa programu mpya ya ndani ya kamera za D3100, D3200, D5100 na D5200, na waliosasisha wakakuta betri nyingi za kampuni nyingine zimekataliwa. Aliyekuwa na gripu ya kuigiza iliyojaa betri za kuigiza alibaki na uzito wa bure. Sisemi jina kubwa ni kinga ya kila kitu: mwaka 2012 Nikon iliwataka wateja warudishe betri zake za EN-EL15 za matoleo ya E na F kwa sababu zilikuwa zikipata moto kupita kiasi. Tofauti ni kwamba kulikuwa na mtu wa kumrudishia.

Kwenye kamera zisizo na kioo hesabu inabadilika. Hakuna kioo cha kuinua, na gripu ya Sony A7 III haiongezi fremu hata moja. Hata hivyo betri bado ina kauli: Canon R5 hufikia fremu 12 za shata ya kawaida ikiwa na LP-E6NH yenye chaji ya kutosha, na ikiwekwa LP-E6 ya zamani inapunguza mwendo. Kuhusu jina pekee, Nikon ilitoa mfano wake wa kusikitisha: MB-N10 ya Z6 na Z7 za kwanza ilikuwa na betri mbili na haikuwa na kitufe cha kupigia hata kimoja, kwa sababu kamera hizo hazikuwekewa pini za kuzungumza na gripu. Ulilipia jina ukapata sanduku la betri.

Kwa anayekwenda Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, kununua gripu iliyotumika, beba kamera yako na lenzi nzito kuliko zote ulizonazo. Kaza skrubu, shika kwa gripu peke yake, tikisa juu chini huku mfululizo ukipiga. Skrini ikizima hata mara moja, iache. Jaribu kila kitufe ukiwa umesimamisha kamera wima, kisha sogeza kufuli la kitufe cha kupigia uone kama kweli linafunga. Omba kuona trei zote, kwa sababu MB-D10 huwa na mbili, ya EN-EL3e na ya AA, na wauzaji wengi wamebaki na moja. Ukitaka EN-EL4a uliza kifuniko cha BL-3, na uliza chaja yake kabla hujakubaliana bei. Baadhi ya gripu za kuigiza hunyonya betri hata kamera ikiwa imezimwa: chaji betri ijae, iache humo usiku kucha, asubuhi soma kipimo. Muuzaji asipokubali uilaze nayo usiku mmoja, mkatie bei.